Madodoso ya afya huanza kupikwa mezani kwa wapangaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo kuhusu takwimu za afya zinazotokana na tafiti za kaya. Kila inapovuma habari kwamba madodoso (fomu za maswali) ya utafiti fulani yamepikwa, yaani majibu yake yametungwa, lawama huwaangukia vijana waliotumwa vijijini. Wanaambiwa hawana maadili, ni wavivu, walijaza majibu wakiwa gesti. Mikataba yao huvunjwa, kisha utafiti unaofuata unapangwa vilevile kama uliotangulia. Kwa maoni yangu kosa litafutwe kwanza kwenye mpango wa kazi: mdadisi, yaani anayehoji na kujaza dodoso, alipangiwa kaya ngapi kwa siku, analipwa kwa utaratibu gani, na ni nani anayerudi nyuma yake kukagua. Madodoso mengi huwa yamekwisha kuharibika hapo, kabla gari halijatoka Dar es Salaam wala Dodoma.

Tuanze na uzito wa kaya moja. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulichagua maeneo 629 ya kuhesabia watu, Bara na Zanzibar, na katika kila eneo kaya 26. Jumla ni kaya 16,354. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu 61,741,120. Ukigawanya, kila kaya iliyochaguliwa inasimama badala ya watu zaidi ya 3,700. Igawe sampuli hiyo kwa mikoa 31, kila mkoa unabaki na wastani wa kaya 500 na ushee, kazi inayofanywa na watu wachache tu. Wadadisi wawili wakikwepa sehemu moja ya dodoso, namba ya mkoa mzima inasogea.

Sisemi kwamba utafiti huo ulipikwa. Nimeutaja kwa sababu sampuli yake inajulikana na namba zake tunazisikia kila siku: vifo vya watoto chini ya miaka mitano 43 kwa kila vizazi hai 1,000, udumavu asilimia 30, vifo vitokanavyo na uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Namba hii ya mwisho inapatikana kwa kumuuliza mwanamke ndugu zake wote waliozaliwa na mama yake, mmoja baada ya mwingine. Yupi yu hai, yupi alifariki, alikuwa na umri gani, na kama ni dada, je, alifariki akiwa mjamzito, akijifungua, au muda mfupi baada ya kujifungua? Ni orodha ndefu na inaamsha misiba. Vifo vya aina hiyo ni vichache katika sampuli yoyote, kwa hiyo dada mmoja asiyeandikwa hupunguza kitu kinachoonekana. Namba hiyo inategemea uvumilivu wa mdadisi aliyekaa kwenye mkeka mpaka ndugu wa mwisho akatajwa.

Kupika dodoso kuna ngazi zake, na kuzichanganya ndiko kunakotufanya tushindwe kukuzuia. Kuna kupika kizima, ambako mdadisi hakufika kabisa. Hii ndiyo inayosemwa sana, lakini siku hizi vishikwambi vinarekodi saa na mahali, na imekuwa rahisi kuikamata. Kuna kupika nusu: anafika, anauliza orodha ya wanakaya na maswali ya mwanzo, anapiga picha ya mlango ikihitajika, halafu anamalizia usiku kwa kukisia. Kuna kubadili kaya, yaani nyumba iliyochaguliwa imefungwa, basi anaingia ya jirani na kuandika namba ya ile ya kwanza. Matokeo yake ni kwamba wanaoshinda shambani, wavuvi na wafanyabiashara wa minadani wanapungua kwenye takwimu, na wazee na wagonjwa walioko nyumbani wanaongezeka. Halafu kuna ngazi ambayo wengi hawaihesabu kama kupika, nayo ndiyo inayoniogopesha zaidi: kufunga njia ya maswali.

Dodoso la afya lina maswali ambayo jibu lake linafungua au kufunga sehemu nzima. "Je, mtoto huyu alipata homa katika wiki mbili zilizopita?" Ukiandika ndiyo, yanafuata maswali mengi: alipelekwa wapi, baada ya siku ngapi, alitolewa damu, alipewa dawa gani. Ukiandika hapana, unahamia mtoto mwingine. Mdadisi aliyechoka hujifunza njia hizo ndani ya siku tatu za kwanza. Umri nao ni mlango. Mwanamke huhojiwa dodoso kamili akiwa na miaka 15 hadi 49, hivyo msichana wa miaka 15 anaandikwa 14, na mama wa miaka 49 anaandikwa 50. Mtoto wa miaka minne anasogezwa akawa na mitano ili maswali ya chanjo, lishe na vipimo yasimhusu. Jambo hili limeandikwa kwa miaka mingi na wachambuzi wa tafiti za aina hii katika nchi nyingi za Afrika. Hakuna kaya iliyobuniwa, hakuna saini iliyoghushiwa, na bado tumempoteza mtoto aliyekuwa na homa.

Sasa tuangalie siku ya kazi yenyewe. Dodoso la kaya huchukua kama dakika 25. La mwanamke mwenye watoto wawili chini ya miaka mitano, likisomwa kama lilivyoandikwa, ni saa moja na zaidi. Ongeza kusoma fomu ya ridhaa na kujibu maswali ya mwenye nyumba, dakika 10 hadi 15. Kaya yenye wanawake wawili wanaostahili inakula karibu saa tatu. Msimu wa kilimo akina mama hutoka alfajiri na kurudi saa nane mchana, kisha kuna kuchota maji na kupika. Nafasi ya kweli ya kuzungumza nao ni kati ya saa tisa na saa kumi na mbili jioni, na kidogo asubuhi kwa wale ambao hawakutoka. Vitongoji vya kijiji kimoja vinaweza kuachana kilomita tano. Kwa hesabu hiyo mdadisi mwaminifu anamaliza kaya mbili, akibahatika tatu kwa siku. Mpango ukimtaka amalize sita, tatu zitafanyika nyumbani kwa watu na tatu chini ya mwembe. Msimamizi anajua, dereva anajua, na aliyeandika mpango angejua pia kama angejumlisha dakika.

Mipango hiyo inatoka wapi? Bajeti hukatwa kwenye siku za uwandani kwanza, kwa sababu ndizo zenye posho, mafuta na malazi ya watu wengi. Idadi ya kaya haipunguzwi, maana imetajwa kwenye andiko lililopata fedha. Kwa hiyo siku 40 zinakuwa 25, na kazi inabaki ileile. Kisha inaingia namna ya kulipa. Kulipa kwa dodoso lililokamilika kunafanya kila dakika unayomsikiliza mama mwenye historia ndefu iwe hasara yako. Posho ikichelewa wiki tatu, mdadisi anakopa nauli ya bodaboda, na kitongoji cha mbali kinaanza kuonekana kama si lazima. Kulipa kwa siku, posho ya wiki mbili ikitangulia, kunagharimu zaidi mwanzoni. Kurudia mkoa mzima baada ya kugundua uchafu kunagharimu zaidi ya hapo, na mara nyingi hakuna anayerudia.

Haya hayasemwi na walio uwandani peke yao. Mwaka 2016 Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford na René Gerrets wa Amsterdam walichapisha katika jarida la Social Science & Medicine uchunguzi wao juu ya kupika data miongoni mwa wakusanyaji wa chini kabisa katika miradi ya utafiti wa tiba, kazi waliyoifanya katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kati ya 2004 na 2009. Walikaa na wakusanyaji hao, wakawaangalia wakifanya kazi na kuzungumza nao. Walichokikuta ni mgongano wa dhamira, ari iliyovunjwa na usimamizi mbovu, na taasisi zisizowasaidia watu wao. Kupika kulikuwa chombo cha kuvuka siku. Mjadala wa dunia kuhusu udanganyifu wa kisayansi, kama wanavyoonyesha, umekuwa ukiwatazama maprofesa wa nchi tajiri na kuwasahau wanaobeba dodoso.

Mgongano wa dhamira una sura yake hapa kwetu. Mdadisi anakaa mbele ya mama mwenye mtoto anayechemka homa. Ana kipimajoto na fomu, hana dawa wala barua ya rufaa. Anatakiwa aulize maswali mengi ya mali ya kaya: mna redio, mna baiskeli, sakafu ni ya nini? Wengi hutoa nauli mfukoni mwao ili mtoto apelekwe zahanati, kisha huruka maswali kwa aibu. Miradi ya malaria iliyopanga dawa mseto papo hapo kwa mtoto anayekutwa na vimelea imelipunguza tatizo hilo kwa kiasi kikubwa. Utafiti wowote unaopima kitu mwilini mwa mtu uwe na kijitabu cha rufaa chenye nakala mbili, orodha ya vituo vya karibu, na fungu la nauli. Hata zawadi ndogo ina uzito wake. Mwanaanthropolojia Cal Biruk, aliyefuatana na tafiti za UKIMWI nchini Malawi, alionyesha jinsi kipande cha sabuni walichopewa wahojiwa kilivyokuwa na maneno mengi vijijini, kuanzia shukrani hadi malalamiko kwamba watafiti wanachukua mengi na kuacha kidogo. Mdadisi ndiye anayesimama katikati ya maneno hayo, na ndiye atakayerudi mwakani kwenye nyumba ileile.

Kuna na hofu. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi wilayani Chamwino, watu watatu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, waliokwenda kuchukua sampuli za udongo, waliuawa na wanakijiji waliodhani ni mumiani. Udongo tu. Fikiria kijana anayebisha hodi akiwa na sindano ya kutoboa kidole na chupa ndogo za damu. Akihisi kijiji hakijataarifiwa, atapika dodoso ili aondoke mapema, na sitamlaumu. Taarifa haitoshi kuishia kwa mkurugenzi wa halmashauri. Ishuke kwa mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji, ikatangazwe kwenye mkutano wa hadhara, msikitini na kanisani, siku mbili tatu kabla ya gari kufika, na timu iingie kwa mara ya kwanza ikiwa na mtu anayejulikana pale. Hiyo ni siku moja ya ziada kwa kila eneo. Iwekwe kwenye bajeti kwa jina lake.

Sasa kukamata. Msimamizi wa data anayepokea madodoso kila jioni kupitia mtandao hahitaji utaalamu mkubwa, anahitaji kuyatazama kwa jina la mdadisi badala ya jumla. Atengeneze jedwali lenye mstari mmoja kwa kila mdadisi na aangalie mambo haya: wastani wa dakika kwa dodoso, wastani wa wanakaya, asilimia ya watoto walioandikwa kuwa na homa au kuharisha, idadi ya "sijui", na idadi ya wanawake wa 50 hadi 54 ikilinganishwa na wa 45 hadi 49. Wa 10 hadi 14 walinganishwe vivyo hivyo na wa 15 hadi 19, na watoto wa miaka mitano na wa minne. Wadadisi wengine wakiandika homa kwa asilimia 20 ya watoto na mmoja akaandika asilimia 4, aidha kijiji chake kina bahati au maswali yanafungwa. Akifanya hivyo kuanzia siku ya pili, kosa linakamatwa likiwa na kaya sita. Akisubiri mwisho wa mwezi, linakuwa na kaya 90.

Dalili ambayo wageni wa kazi hii huielewa kinyume ni unadhifu. Wanadhani data iliyopikwa itakuwa na vurugu. Data ya kweli ya kijijini ndiyo yenye vurugu: bibi hajui umri wake, anasema alizaliwa kabla ya Uhuru na inaandikwa 70, baba yuko Kahama machimboni na haijulikani kama ahesabiwe mwanakaya, kuna mtoto wa ndugu aliyekuja kusoma, kaya moja ina watu 14 na inayofuata ina mjane peke yake. Umri wa watu wazima hurundikana kwenye 30, 35, 40, 45. Anayepika huandika watu watano, wanne, sita, watano. Umri wake unatawanyika vizuri kuliko wa kijiji chochote. Hana "sijui", hana "nyingine, taja", hana kaya ya ajabu. Kwa hiyo ukiona mrundikano wa sifuri na tano kwenye umri usikimbilie kumfukuza mtu. Ukikosa mrundikano kabisa mahali ambapo wenzake wanao, hapo rudi ukakague.

Kwenye vipimo vya mwili mambo yanageuka. Mashine ya kidijitali ya presha hutoa tarakimu ya mwisho yoyote kuanzia 0 hadi 9, na kwenye vipimo 200 kila moja inatakiwa ijitokeze karibu mara 20. Sifuri zikifika 80, mtu anakadiria au anatunga. Urefu wa mtoto ni vilevile: kusoma ubao kwa sentimita nzima, 84.0, 85.0, 86.0, maana yake desimali haikusomwa. Tafiti za lishe zinazofuata utaratibu wa kimataifa uitwao SMART hutazama mkengeuko sanifu (kipimo cha namba zinavyotawanyika) wa alama za uzito kwa urefu, ambao unatakiwa uwe kati ya 0.8 na 1.2. Ukizidi 1.2, upimaji ni mbovu. Ukishuka chini ya 0.8, watoto wamefanana mno kuwa wa kweli.

Hapa niongeze jambo ambalo si udanganyifu lakini huharibu kama udanganyifu. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupimwa amelala, na wa miaka miwili na kuendelea hupimwa amesimama. Kati ya namna hizo mbili kuna tofauti ya sentimita 0.7. Mtoto wa miezi 20 akisimamishwa na isiandikwe kwamba alisimama, amepunguziwa sentimita 0.7, na aliyekuwa juu kidogo ya mstari wa udumavu anaangukia chini yake. Umri ukikosewa miezi mitatu, kosa linakuwa kubwa zaidi. Ndiyo sababu kadi ya kliniki idaiwe kabla ya kumbukumbu ya mama, na pale isipokuwepo itumike kalenda ya matukio ya eneo lile: mfungo wa Ramadhani, Sabasaba, mwanzo wa masika, mwaka wa uchaguzi, siku daraja la kijiji lilipokatika. Kalenda hiyo hutengenezwa na wazee wa kata kwa nusu siku, na watafiti wengi hawaifanyi. Kipimo cha haraka cha malaria nacho kina dakika zake zilizoandikwa kwenye karatasi ya kiwanda, mara nyingi 15 au 20. Mdadisi mwenye haraka akikisoma baada ya dakika tano, mstari hafifu bado haujatokea, na mtoto mwenye vimelea anaandikwa mzima.

Dawa inayofanya kazi kuliko zote ni kurudia kaya. Msimamizi, au bora zaidi mtu asiye wa timu ile, arudi kwenye kaya moja kati ya kila kumi, na wiki ya kwanza arudi kwenye mbili kati ya kila kumi, maana tabia hujengwa wiki hiyo. Kaya zichaguliwe kwa bahati nasibu na kompyuta usiku. Msimamizi akichagua mwenyewe atachukua zilizo kando ya barabara, na zinazopikwa ni za kule ng'ambo ya mto. Arudi ndani ya siku moja au mbili. Asiulize tu "mdadisi alifika hapa?", kwa sababu mwenye nyumba atasema ndiyo kwa heshima, au kwa kumhurumia kijana. Aulize maswali manane au kumi yasiyobadilika kwa siku mbili: wangapi walilala hapa usiku wa kuamkia siku ile, kitinda mimba ni wa kike au wa kiume, paa ni la bati au nyasi, mtoto alitobolewa kidole gani, mazungumzo yalichukua muda gani, aliulizwa habari za dada zake? Swali la mwisho peke yake hufichua mengi.

Alama za mahali zinazorekodiwa na kishikwambi zisaidie bila kuwa hakimu. Chini ya paa la bati au kwenye migomba mizito alama inaweza kuruka mita nyingi. Kaya 12 zilizorundikana mahali pamoja penye gesti ni jambo jingine. Kurekodi sauti ya sehemu ya mahojiano kunafaa, mradi fomu ya ridhaa iseme hivyo waziwazi na sehemu zenye habari za UKIMWI, ukatili wa kijinsia na ujauzito ziachwe.

Ukikuta kupika, futa kazi yote ya mdadisi yule kuanzia ukaguzi safi wa mwisho, usifute tu madodoso mawili uliyoyakamata. Rudi kwenye kaya zilezile zilizochaguliwa, wala usitafute za badala. Kabla ya kumwondoa mtu, muulize alikuwa na kaya ngapi siku ile na alilala wapi. Kama wadadisi watatu wa timu moja wamepika wiki moja, tatizo ni ratiba. Na andika kwenye ripoti ni madodoso mangapi yalifutwa na kurudiwa. Watafiti wanaogopa kwamba namba hiyo itawaaibisha. Mimi ninayesoma ripoti isemayo madodoso 61 yalirudiwa ninaiamini kuliko ile isiyosema lolote.

Wapo watakaosema udanganyifu mkubwa uko kwa wakubwa, na wana hoja. Tarehe 22 Mei 2020 jarida la The Lancet lilichapisha makala kuhusu hydroxychloroquine (dawa ya malaria iliyokuwa ikijaribiwa kutibu korona) iliyodai kutumia kumbukumbu za wagonjwa 96,032 wa hospitali 671 za mabara sita, zilizokusanywa na kampuni ya Surgisphere. Siku chache baadaye Shirika la Afya Duniani lilisimamisha kwa muda majaribio ya dawa hiyo. Wasomaji waliohesabu waligundua kwamba hospitali hizo zingekuwa zimeona karibu robo ya wagonjwa wote wa korona wa Afrika na asilimia 40 ya vifo vyote vya bara hili, tena zikiwa na kumbukumbu za kielektroniki zenye maelezo ambayo hospitali nyingi zetu hazina. Tarehe 4 Juni makala iliondolewa, kwa kuwa kampuni ilikataa data yake ikaguliwe. Sera za dunia zilikuwa zimeyumbishwa kwa jedwali ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuliona. Ukaguzi ninaoutaka kwa kijana wa kishikwambi nautaka kwa profesa pia. Tofauti ni kwamba kijana huondoka bila hata jina lake kuonekana kwenye shukrani za ripoti.

Maombi yangu ni mawili. La kwanza ni kwa wanaotoa vibali, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na kamati za maadili zilizo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), na wenzao wa Zanzibar. Maombi ya kibali hueleza kwa urefu jinsi mhojiwa atakavyolindwa. Yaongezwe ukurasa mmoja wa mpango wa uwandani: dakika za dodoso zilizopimwa kwenye majaribio ya awali, kaya kwa mdadisi kwa siku, namna na tarehe za malipo, asilimia ya kaya zitakazorudiwa na atakayezirudia, na fungu la rufaa. Dakika zikijumlishwa zikazidi saa za siku, kibali kisubiri mpaka ratiba irekebishwe. Ni hesabu ya robo saa kwa mjumbe wa kamati.

La pili ni kwa meza yako ya habari, Mhariri. Tafiti kubwa za kaya za aina ya ule wa 2022 huweka mwishoni majedwali ya ubora wa data, yenye mgawanyo wa umri mwaka kwa mwaka na ukamilifu wa vipimo vya watoto. Majedwali hayo hayana mvuto na waandishi huyaruka. Mwandishi wako anapokabidhiwa ripoti ya afya kwenye uzinduzi wa hotelini, kabla ya kuuliza asilimia imepanda au imeshuka, aulize wadadisi walilipwa kwa siku au kwa dodoso, kaya ngapi zilirudiwa na nani alizirudia, na jedwali la umri liko ukurasa wa ngapi. Majibu hayo, au kukosekana kwake, yachapishwe kwenye habari ileile yenye namba.

Mdau wa takwimu za afya,
Morogoro